Kitanda Ndani ya Diski

Diski ilisema imejaa, na Sikudhani Pazi hakuiamini.

Alikuwa ameketi katika chumba cha mashine cha Hospitali ya Wembere, miguu ameikunja juu ya kiti kwa sababu ya baridi ya sakafu, kinga yake ya vumbi imening'inia shingoni. Tangu asubuhi alikuwa akijumlisha. Alijumlisha mafaili ya maabara, picha za mifupa, kumbukumbu za duka la dawa, vivuli vya wagonjwa waliolala wodini. Akajumlisha tena kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayerudia kuhesabu kuku wake jioni. Jibu halikubadilika. Vitu vyote vyenye jina ndani ya diski ile havikupita theluthi mbili yake. Theluthi nzima ilikuwa imeliwa, na mlaji hakuonekana.

"Umeipata nafasi?" Daktari Kaijage aliuliza akiwa mlangoni. Alikuwa mtu mrefu aliyezoea kuinama, hata mahali ambapo dari haikumlazimisha.

"Najua imepotea kiasi gani, daktari. Sijajua imepotelea wapi."

"Mtoto hana muda, fundi."

"Nimemwona."

Alikuwa amempita ukumbini akiingia: binti mdogo aitwaye Holo, uso umevimba hata macho yamebaki mistari, kalala mapajani mwa mama yake na kunyonya kitambaa kilicholoweshwa maji, kwa kuwa figo zake hazikuruhusu zaidi ya hapo. Mama yake alikuwa amemsalimu Sikudhani kwa heshima iliyopita kiasi, kama vile nafasi ya kwenye diski ilikuwa mfukoni mwa fundi na kilichobaki ni kuombwa vizuri.

"Dawa ninayo," daktari alisema. "Lakini ni kali. Ikizidi kidogo inamuua, ikipungua kidogo ugonjwa unamuua. Bila kivuli nitakuwa nakisia. Yule wa mwezi uliopita nilimkisia." Akaitazama mikono yake. "Nilikisia vibaya."

Akaondoka. Sikudhani akabaki na mngurumo wa feni.

Miaka ile hapakuwa na diski mpya iliyokuwa ikitengenezwa mahali popote ambapo gari la Wembere lingeweza kufika. Viwanda vya mbali vilikuwa vimezimwa, kila mji ukabaki na diski zake, ukizitunza kama visima. Mafundi wa aina ya Sikudhani walizunguka mji hadi mji wakifukua nafasi: picha moja iliyohifadhiwa mara kumi, programu zilizokufa zikaacha takataka, nakala za nakala. Aliipenda kazi hiyo. Alitoka chuoni akiamini kwamba mtu anaweza kuokoa maisha kwa kufagia tu, na mara nyingi imani hiyo haikumwangusha. Kila nafasi aliyoifukua ilikuwa kitanda cha mtu.

Maana kivuli kilihitaji nafasi nyingi. Mgonjwa alipolazwa, mashine ilimpima damu, mapigo ya moyo, pumzi, kumbukumbu, hata hofu zake, kwa sababu hofu nayo huenda mbio mwilini kama dawa. Kisha ikamjenga mgonjwa wa pili ndani ya diski. Dawa kali ilionjeshwa kivuli kwanza. Kikizidiwa, daktari alipunguza kipimo kabla tone halijamgusa mwenye mwili. Na ili kiseme kweli kuhusu maumivu, ilibidi kiweze kuumwa. Ilibidi kiweze kusema. Sharti lilikuwa moja: kisiambiwe kamwe kwamba ni kivuli, kwa kuwa kikijua kitashtuka, na mshtuko huharibu majibu.

*

Sista Milembe aliingia na chupa ya chai na vikombe viwili, akausukuma mlango kwa kiuno. Alikuwa mkuu wa wauguzi tangu hospitali ile ilipokuwa mahema, na tangu Sikudhani alipotaja jina la ukoo wake kwenye kibanda cha mlinzi, fundi alikuwa hajapumzishwa na utani wake.

"Mzaramo, kunywa chai. Naona umeshindwa kazi, unasubiri ngoma ipigwe uingie kucheza."

"Nikinywa chai ya Mnyamwezi nitabebeshwa mizigo mpaka Ujiji."

"Na utabeba! Babu zangu waliibeba wakaenda na kurudi. Nyie wa pwani mlikaa kivulini mkisubiri pembe zije zenyewe."

Wakacheka. Utani ule ulikuwa umekuwepo kabla yao, na ungekuwepo baada yao. Mzaramo na Mnyamwezi hata wakikutana kwenye mwezi wataanza kwa kutukanana. Milembe akaketi, akavua viatu, akakanda vidole vya miguu.

"Sista," Sikudhani alisema, akipuliza chai, "mgonjwa akifariki hapa, kwenye mashine mnafanya nini?"

Vidole vya Milembe vikasimama.

"Tunafuta jina lake."

"Hambonyezi pale palipoandikwa 'amefariki'?"

"Wodi yangu hapana."

Alisema kwa ukavu, kama mtu anayefunga mlango. Kisha akaufungua mwenyewe. "Ukibonyeza pale, jina linatokea jeusi kwenye skrini ya ukumbini. Waliotuletea mashine walidhani wanatusaidia, eti ndugu wapate taarifa upesi. Mwaka wa kwanza, mama mmoja alikuwa amekaa pale na bakuli la uji, anasubiri aingie kumlisha mwanawe. Akainua macho, akasoma. Aliuona msiba wa mwanawe kama mtu anavyoona bei ya sabuni. Nikasema basi. Msiba unasemwa na mtu. Unamwita mwenyewe kando, unamketisha, unamwuliza kama amekula, unamwita kwa jina la baba yake, ndipo unamwambia. Kwa hiyo mimi na wasichana wangu tukawa tunafuta jina tu, kimya kimya, skrini isiseme kitu. Halafu naenda mwenyewe."

Sikudhani aliweka kikombe chini taratibu.

"Kwani tumekosea?" Milembe aliuliza.

"Hamjakosea, Sista. Ila mashine haikuelewa." Alitafuta mfano. "Ukifuta jina la faili, hujafuta faili. Umebandua namba ya nyumba mlangoni. Kama ndani hakuna mtu, mashine inasema, aa, kiwanja hiki ni kitupu, inampa mwingine. Lakini kama kuna programu bado inaitumia, mashine inamheshimu aliyemo. Haimtoi mpaka atoke mwenyewe. Basi ukipita njiani ukihesabu namba, nyumba hiyo huioni. Ila kiwanja kimekaliwa."

Milembe akafikiri. "Vivuli vya marehemu wote basi bado vimo?"

"Hapana. Vingi vitakuwa vilikufa wenyewe, siku moja au mbili baada ya wenye miili. Ugonjwa ni ule ule. Kikishakufa, programu inajifunga, kiwanja kinarudi." Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kibodi. Aliiamuru mashine imwonyeshe kila programu inayoendelea kushika faili lisilo na jina. Alitarajia orodha ndefu ya vijitakataka.

Ulikuja mstari mmoja.

Programu moja, faili moja, theluthi ya diski. Ilikuwa ya aina ya kivuli, na ilikuwa ikitembea, mapigo ya moyo yakienda sawasawa. Ilikuwa imeandika kila siku yake bila kufuta hata moja, na hivyo ndivyo ilivyonenepa.

Sikudhani alifungua maandishi ya asubuhi ile. Mashine ilikuwa imeuliza kama ilivyowekwa iulize: Unajisikiaje leo? Jibu lilikuwa fupi. Akafungua la jana, la juzi, la mwaka jana. Akaamuru lisikike, na kipaza sauti kidogo kilichokuwa juu ya meza kikakohoa vumbi, kikasema kwa sauti ya mwanamume, ya chini na yenye adabu:

"Sijambo. Maumivu hakuna. Naomba kuruhusiwa."

Chai ilimwagika. Milembe alikuwa amesimama.

"Mhoja," alisema. "Huyo ni Mhoja wa Kasanda, mrina asali. Baba Shija. Nilimfunika shuka mimi mwenyewe. Ni miaka minane."

*

Ilichukua muda mfupi kuelewa, na muda mrefu zaidi kukubali.

Mhoja alikuwa amekufa kwa vumbi la mapafu. Kivuli chake kilikuwa hoi lakini hakikufa siku ile. Kwa kuwa hakuna aliyeiambia mashine kwamba kazi imekwisha, iliendelea kumtibu. Ilijaribu mchanganyiko huu na ule, ikarudi nyuma, ikajaribu tena, kwa subira ambayo binadamu hana, karibu mwaka mzima. Mwishoni ilipata. Kivuli kikapona. Na kwa kuwa kilikuwa hakina jina kwenye orodha, hakuna daktari aliyekiona, na hakuna aliyekipa ruhusa ya kutoka. Kwa miaka saba kilikuwa kikiamka katika wodi isiyo na wagonjwa wengine, kikiulizwa swali lile lile, kikijibu jibu lile lile.

Daktari Kaijage alisoma yote akiwa amesimama, amejiinamia.

"Dawa iliyomponya mmeinakili?"

"Imeenea kwenye kipande cha karatasi," Sikudhani alisema. "Kinachojaza diski si dawa. Ni yeye, siku zake zote. Ukizikata unamkata mwenyewe."

"Basi mfunge."

Sikudhani aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Fundi, mimi si katili. Mtu huyu alikufa, akazikwa. Hiki ni hesabu inayojirudia. Kule ukumbini kuna mtoto mwenye mwili na mama. Au nafasi ipo mahali pengine? Niambie, nitakuwa wa kwanza kushangilia."

"Nimetafuta. Mahali pengine hapapo."

"Na ukimgandisha, asimame alivyo?"

"Aliyegandishwa anakula nafasi ile ile. Na hakuna mashine nyingine ya kumhamishia."

"Basi mfunge," daktari alirudia, safari hii polepole, kama anayeomba.

Sikudhani alijua amri yenyewe. Ilikuwa na herufi chache kuliko jina lake. Chuoni waliwahi kubishana juu ya jambo hili, wakiwa wameshiba, na yeye ndiye aliyesimama akasema kwa sauti kubwa kwamba chochote kinachoweza kuumwa kina haki ya kuulizwa. Wenzake walimpigia makofi. Sasa aliyatamani makofi yale, apate wa kumsaidia kubeba maneno yake.

"Siwezi kumfunga bila kumwambia," alisema.

"Ukimwambia atashtuka."

"Ashtuke, daktari. Hatumpimi tena."

Milembe, aliyekuwa akifuta chai sakafuni muda wote, akasema bila kuinua kichwa: "Mwambie ameruhusiwa. Ndilo analoomba siku zote. Mwambie nenda nyumbani, halafu ndiyo ufunge. Aondoke na furaha yake. Kuna ubaya gani?"

Sikudhani alitafuta ubaya wake, hakuupata mara moja. Daktari akaitikia kwa kichwa. Ukumbini Holo alisikika akiomba maji, na sauti ya mama yake ikimbembeleza, "Bado kidogo, mama. Bado kidogo."

"Haya," Sikudhani akasema.

*

Alifungua njia ya sauti. Upande wa pili kulisikika kimya chenye mtu ndani yake.

"Baba Shija, hujambo?"

Kisha: "Nani huyo?"

Sauti ilitetemeka. Sikudhani akatambua kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyemwita.

"Naitwa Sikudhani. Nafanya kazi hapa hospitalini."

"Karibu. Karibu sana, dada. Samahani, nimesahau hata kuitikia. Sijambo. Maumivu hakuna. Wodi hii imekuwa kimya, nilidhani mmehama mkanisahau." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana analalamika. "Naomba kuruhusiwa, kama inawezekana."

Sikudhani alimtazama Milembe. Milembe akamtikisia kichwa: sema.

"Ndiyo, Baba Shija. Leo umeruhusiwa. Unaweza kwenda nyumbani."

"Alhamdulillahi." Pumzi ndefu. Kisha, kwa furaha tupu: "Nani amekuja kunichukua?"

Sikudhani aligeuka, akautazama mlango.

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Hakuna mgonjwa wa Wembere aliyetoka hospitali peke yake. Aliyepona huchukuliwa na mtu wake, amebebewa kifurushi, ameshikwa mkono hata kama ana nguvu za kukimbia. Anayetoka peke yake ni yule asiye na watu.

"Mama Shija amekuja?" Mhoja aliuliza. "Au kijana? Mwambieni asikae juani, vumbi la huko nje si zuri. Dada? Upo?"

Sikudhani angeweza kusema: ndiyo, mkeo yuko hapa. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Lakini asingeyasema bila kumfanya mwanamke ambaye hakuwahi kumwona ashiriki uongo huo, asimame kwenye mlango ambao hakujua upo. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Sista, siwezi."

Milembe aliweka chini kitambaa cha kufutia. Kisha akavaa viatu vyake, vyote viwili, akafunga kamba. Akanyoosha aproni. Akavuta kiti karibu na kipaza sauti kama anavyovuta karibu na mtu, akautoa mkono wa Sikudhani taratibu.

"Mhoja mwana wa Kasanda," akasema. "Mimi Milembe."

"Sista! Sista Milembe! Kumbe upo!"

"Nipo. Umekaa?"

"Nimekaa kitandani."

"Umekula?"

"Hapa hawaleti chakula. Ila njaa siisikii. Hata mimi jambo hilo limekuwa likinishangaza."

"Sawa. Kaa vizuri, baba. Nina neno."

Mtu yeyote aliyekulia nchi ile alijua maana ya kuitwa kwa jina la baba, kuulizwa kama umekula, kuambiwa ukae vizuri.

"Nani?" Mhoja aliuliza. "Ni mama yake Shija? Sista, ni mtoto?"

"Mkeo mzima. Mtoto mzima." Milembe alifumba macho. "Jikaze, mwana wa Kasanda. Ni wewe."

*

Alimweleza yote, bila haraka, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa mamia ya watu kwenye benchi lililokuwa nyuma ya wodi. Alimweleza kuhusu mwili uliochoka, shuka, jina lililofutwa kwa heshima, kivuli kilichobaki kikitibiwa. Mhoja alimkatiza mara moja tu, akauliza, "Kwa hiyo mikono hii ninayoiona?" na Milembe akajibu, "Ni kumbukumbu ya mikono yako, baba." Daktari Kaijage alikuwa amegeukia ukuta.

Feni zilinguruma, na mapigo ya moyo kwenye skrini yalipanda, yakachelewa kushuka.

"Nani alinizika?"

"Kijiji chote cha Usesula. Nilikwenda pia. Nyuki wako walikaa kimya siku nzima, watu wakalisema hilo mpaka arobaini."

"Mama Shija?"

"Nilimwambia mimi mwenyewe, kama ninavyokwambia wewe. Alilia, akanyamaza, akainuka. Shija sasa ana ndevu. Ndiye anayerina. Mizinga imebaki michache, lakini ipo."

"Anatumia moshi wa nini?"

"Hilo sijui, baba."

"Mwambieni asitumie mpira. Unawaudhi."

"Tumwite mama yake?" Milembe aliuliza, na jibu lilikuja haraka: "Hapana. Alishalia mara moja. Msimlize mara mbili."

Kisha sauti ikabadilika, ikawa kavu.

"Hamkuja miaka yote hii. Mmekuja leo. Kuna jambo."

Sikudhani akasogea. Lake lilikuwa limefika. Alimwambia kuhusu Holo, kuhusu figo, dawa, kitanda kimoja ndani ya diski. Hakuipamba habari ile.

"Mimi nimepona," Mhoja alisema. "Unanielewa, dada? Nilikohoa damu humu. Kila asubuhi nilijiambia, leo kohoa vizuri, utaruhusiwa. Nimepona. Mnamtoa kitandani mtu aliyepona?"

"Ndiyo."

"Na nikikataa?"

"Nitakaa hapa nikubembeleze," Sikudhani alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Nikishindwa, sijui nitafanya nini. Nakwambia kweli, sijui."

Moyo kwenye skrini ulipiga, ukapiga, ukapiga.

"Afadhali umesema hujui," Mhoja akasema. "Ungesema unajua ningekuogopa." Kisha: "Itakuwa kama kulala?"

"Hilo pia silijui."

"Mtoto ni wa nani?"

Daktari Kaijage alijibu akiwa bado ameelekea ukutani. "Ni wa hapa hapa Wembere. Anaomba maji kutwa nzima, na simpi."

"Kiu ni mbaya," Mhoja alisema. "Kiu naikumbuka." Wote wakasikia kitu kama mtu anayekunja shuka, ingawa shuka halikuwepo. "Hospitali hii hii, mara ya kwanza kulazwa, tulilala wawili kitanda kimoja. Mwenzangu alikuwa mzee wa Kisukuma, anakoroma. Alipopata nafuu kidogo tu, akashuka akalala chini, akaniambia, panda wewe, mimi naweza kukaa. Sikumjua hata jina." Akashusha pumzi. "Haya. Nitashuka. Lakini sitashuka hivi hivi kama mbwa. Yupo mtani hapo? Mazishi bila mtani si mazishi, ni kufukia shimo."

Milembe alimgusa Sikudhani begani.

"Mimi Mzaramo," Sikudhani akasema.

"Ala! Ndiyo maana unalia ovyo. Wazaramo kwa kulia na kucheza hamjambo, kazi ndiyo hamuiwezi."

Alijua linalotakiwa. Msibani mtani hulala njiani jeneza lisipite, humtukana marehemu, humwiga anavyotembea, mpaka wafiwa wacheke huku kamasi zikiwatoka. Alikuwa amewaona shangazi zake wakifanya hivyo. Yeye mwenyewe hakuwahi. Alipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Na wewe Mnyamwezi gani usiye na haya!" alianza. "Mwili umezikwa, ubwabwa wa msiba umeliwa, sufuria zimeoshwa, wewe bado umejilaza! Wenzako wote walikufa siku moja kama watu wenye adabu. Wewe umeona umeme wa bure, ukasema, mimi hapa sitoki!"

Kicheko kilitoka kwenye kipaza sauti, kikubwa, cha kifua kisicho na vumbi.

"Endelea, mtumwa wangu!"

"Babu zako walibeba mizigo mpaka baharini. Wewe kazi yako ilikuwa kujibeba tu mpaka mlangoni, umeshindwa, miaka minane! Hata asali yako nasikia ilikuwa maji ya sukari!"

"Hilo uongo!" Mhoja alipiga kelele kwa furaha. "Hilo nalikataa mbele ya Mungu! Sista, mwambie!"

"Ilikuwa asali," Milembe alisema. Alikuwa akicheka na kulia, mikono yote miwili kaishika kifuani. "Ilikuwa asali, Baba Shija."

"Basi. Nimeridhika." Kicheko kiliisha kidogo kidogo. "Mtani, nishike mkono nitoke. Nisitoke peke yangu."

"Nimekushika," Sikudhani akasema.

*

Ili kumfunga kwa haki ilibidi kwanza amrudishie jina lake. Aliandika, Mhoja Kasanda, na nyumba isiyo na namba ikapata namba. Kabla hajaendelea, Milembe alitoka kwenda ukumbini. Sikudhani alimsikia akisema na watu waliokaa, kwa mdomo wake, kwamba jina jeusi litatokea kwenye skrini, lisimshtue mtu yeyote, si la mgonjwa wa leo. Ni la mwenzao aliyechelewa kuagwa.

Ndipo akabonyeza pale ambapo wodi ile ilikuwa imeacha kupabonyeza tangu mwaka wa kwanza.

Mapigo ya moyo yaliendelea kidogo. Kisha mstari. Kisha hata mstari haukuwepo, na theluthi ya diski ikarudi, nyeupe, tupu, pana kama kiwanja kilichofagiliwa. Huko ukumbini mabenchi yaligongana. Watu walikuwa wanasimama. Wasiomjua kabisa walisimama, na mama yake Holo alisimama nao, mtoto begani.

Daktari Kaijage alikwenda kumchukua mtoto.

Kazi ya kumpima ilikwenda mpaka alasiri. Nafasi nyeupe ilianza kujaa, polepole, kwa damu na pumzi na hofu za mtu mdogo. Sikudhani aliangalia ikijaa. Mlango ulikuwa wazi, na kule wodini alimwona Holo mwenyewe amelala, mdomo wazi, kitambaa chenye maji mkononi. Daktari alikuwa na bomba la sindano mezani, bado halijajazwa. Lilisubiri.

Kipaza sauti kikakohoa.

"Mama?" kikauliza. "Mama, mbona giza? Nataka maji."

Sharti lilikuwa kutomwambia. Sikudhani alilijua sharti, na alijua pia kitakachofuata. Dawa ikikubali, siku moja Holo atatoka akiwa amebebwa na mama yake, na watu watapiga vigelegele mpaka getini. Huyu wa ndani atabaki kitandani, amepona, akiuliza nani amekuja kumchukua.

Alivuta kiti karibu, akakunja miguu juu yake.

"Hujambo, Holo," akasema. "Mimi naitwa Sikudhani. Mama yupo karibu. Nitakuja kukaa na wewe kila siku, na siku ya kutoka, mimi ndiye nitakayekuja kukuchukua."